Nimepanda cruise ya Norway kumshika mjukuu, wakala wa Bur Dubai hakuniambia habari ya upepo

Wakuu, hamjambo humu ndani? Wakubwa zangu shikamooni, na nyie wengine wote wajukuu zangu, marahaba kabla hamjaniamkia.

Naongea, simu inaandika yenyewe, maana shule mie nilipita mlangoni tu. Ikikosea msinicheke. Lakini haya yamenikuta mwenyewe, wallahi siongezi chumvi, na hasira ninayo mpaka leo.

Mie naishi na binti yangu Rukia hapa Al Nahda, Dubai. Kaka yake, Idi, yuko Norway kule juu kabisa, kaoa huko, anafanya kazi kiwanda cha samaki. Wamepata mtoto wa kike wakampa jina langu. Somo yangu huyo!

Tangu azaliwe mpaka kaanza kutembea namuona kwenye simu tu. Kila Ijumaa najifunga mtandio wangu mwekundu, wananipigia video, kenyewe kanagonga kioo kwa kidole kananitafuta. Roho inaniuma.

Rukia akasema, mama, twende na cruise. Meli inapita mji wa kaka, utamshika mtoto, na sisi tutembee tuone dunia.

Tukaenda kwa wakala Bur Dubai. Kijana wa Kikenya, mdomo mtamu kuliko halua. Nikamuuliza kitu kimoja tu. Mwanangu, pale kwa mjukuu wangu tutashuka kweli?

"Shosho, relax. Mtashuka asubuhi, mrudi jioni. Hakuna stress."

Shosho ndiyo bibi kwa Wakenya. Nikaona huyu mtoto ana adabu. Kumbe!

Sasa habari ya jaketi. Jengo letu lina jaketi moja la baridi, linazunguka. Alilileta nesi mmoja aliyewahi kwenda Ulaya, toka hapo kila anayesafiri analiazima, akirudi anapewa mwingine. Zito kama godoro, lina manyoya shingoni. Likaja kwangu.

Nikalivaa, nikampeleka Rukia mall kwenye ile theluji ya kutengenezwa ya ndani ili nijipime. Nikatembea, nikapiga picha, nikala na ice cream makusudi. Nikamwambia, baridi yenyewe ndiyo hii? Yalla, tuondoke zetu.

Wakuu, theluji ya mall haina upepo. Haina mvua. Ile ni friji ya kulipia kiingilio.

Tukapanda ndege mpaka Ulaya. Bandarini huko, siku ya kupanda meli, wakachukua masanduku yetu. Mie nikadhani nayakuta chumbani. Wapi! Yamekuja baadaye sana, na humo ndimo nilimotia jaketi na dawa zangu za pressure. Nimekaa na dera na shali ya Rukia natetemeka, watu wananipita na kofia za sufi wananiangalia kwa huruma. Dawa na nguo nzito ziwe mkononi mwako, usimpe mtu.

Jaketi lilipokuja nalo likanidhalilisha. Upepo unapita kama chandarua, mvua linainywa yote. Na ndani nimevaa fulana za pamba, moja juu ya nyingine. Ukipanda ngazi unatoka jasho, ukisimama lile jasho linageuka barafu mgongoni. Rukia ikabidi aninunulie pale pale melini fulana ya sufi ya kugusa mwili na koti jembamba la mvua la kuvaa juu. Hapo ndipo nikapumua.

Siku ya mji wa Idi ikafika. Toka alfajiri nimeshavaa, mfuko wa zawadi mkononi. Visheti vyangu askari wa meli akavizuia, chakula hakishuki. Nikavila mwenyewe kwa hasira, nimesimama.

Meli ikasimama katikati ya maji. Mji uko ng'ambo, nauona na mapaa yake mekundu. Kumbe gati ya pale ni ndogo, watu wanavushwa kwa vijiboti! Na waliolipia tour za meli ndio wanaotangulia, sisi wa kujitembelea tusubiri.

Idi akapiga simu. "Mama, nawaona! Niko gatini na mtoto!"

Nikasubiri. Boti zikaenda, zikarudi. Upepo ukaanza. Mara spika inasema upepo umezidi, boti za kushusha watu basi, walioko ng'ambo warudishwe, meli inaondoka.

Khalas.

Nikagomba wakuu. Kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, mpaka kwa Kiingereza changu cha "my baby, my baby". Dada wa mapokezi anatabasamu tu. Meli ikageuka na mtoto wangu yuko pale ng'ambo.

Idi akaniambia, "Mama, usilie. Rukia, kesho mko wapi? Na hapo meli inafunga gatini kabisa?" Rukia akauliza, akaambiwa ndiyo, inafunga.

Sisi tukaenda kwa maji, Idi akaja kwa barabara, milimani huko, na mkewe na mtoto.

Kesho yake nashuka ngazi, nawaona wale pale! Nikakimbia na magoti yangu haya. Mtoto akaniona akapiga yowe. Akajificha shingoni kwa baba yake. Nimevaa makoti, kofia, skafu mpaka machoni. Kaona jini.

Nimevuka dunia nije kukimbiwa?

Nikavua kofia. Nikavua skafu, jaketi nikalitupa chini, nikabaki na mtandio mwekundu. Upepo unanikata masikio. Rukia anapiga kelele, "Mama, utaugua!" Niache.

Mtoto akainua kichwa. Akaniangalia. Akanyoosha kidole akanigonga shavuni, vile vile anavyogonga kioo.

Basi.

Tuliporudi nikaenda Bur Dubai. Kijana hata aibu hana. "Lakini shosho, si ulimshika mtoto?" Nilimshika kwa usukani wa babake, si kwa relax yako! Akacheka, akaagiza chai. Chai nimekunywa, hasira iko pale pale.

Kwa hiyo nyie mnaopanga meli za baridi, ulizeni kila mji, meli inafunga gatini au watu wanavushwa kwa boti? Kama ni boti, msimwekee mtu ahadi ya uhakika pale. Jambo kubwa la moyo liwekeni kwenye mji wa gati. Na mall msijipime.

Jaketi limerudi kwenye jengo. Anayelitaka apite kwangu kwanza nimwonye.

Haya, nani humu kawahi kurudishwa na upepo? Au ni mie peke yangu? Semeni, bibi yenu nipo, Rukia atanisomea, nimeshaweka maji ya chai jikoni.