Neno Nililomwandikia Yaya

Vita ilipofika Kindu nilikuwa na miaka sita, na yaya, dada yangu mkubwa, kumi na mmoja. Asubuhi hiyo alikuwa kwa shangazi yetu, ng'ambo ya mto. Risasi zilipoanza hakuna mtu aliyethubutu kuvuka. Shangazi akamshika mkono wakafuata watu waliokimbilia mashariki. Mimi na mama tulijificha mashambani, njia ya Kibombo. Tuliporudi, nyumba ya shangazi ilikuwa tupu, hata mlango umeng'olewa.

Mama alikataa kumfanyia kilio. "Iko mahali," alisema, na kwa miaka yote iliyofuata hakusema zaidi ya hapo.

Kweli alikuwako. Alikulia kambini upande wa Kigoma, akasoma huko, akaolewa huko. Jirani yetu alimkuta kwenye simu, katika kundi la watu wa Kindu walio nje. Tangu siku hiyo tukawa tunaandikiana. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha shule za Tanzania. Changu kilijaa Kifaransa, na mimi sikujua kwamba kimejaa. Siku moja aliniuliza habari za kazi, nikamjibu, "Ninajidébrouiller tu, yaya," yaani nahangaikia riziki hivyo hivyo. Akaandika, "Pole mdogo wangu, huo ni ugonjwa gani?" Nilimsomea mama, akacheka mpaka akakohoa.

Yaya alikuwa anajiandaa kuja mvua zikiisha. Kabla hazijaisha, mama akaanguka jikoni. Daktari alisema moyo umechoka. Nikiwa nimesimama kwenye baraza ya hospitali, nilimwandikia yaya maneno matatu: "Mama iko grave."

Kwetu hata muuza sombe, majani ya mihogo, sokoni anasema hivyo. Maana yake mgonjwa ana hali mbaya sana.

Alijibu, "Poleni sana. Mungu atupe subira." Halafu kimya. Nilingoja aulize hospitali gani, aulize mama anakula nini, aseme anakuja lini. Hakuuliza kitu. Nilikasirika, nami nikanyamaza. Siku sita.

Siku ya saba mama alikuwa amepoteza sauti. Nikiwa kando ya kitanda chake, ujumbe wa yaya ukaingia: "Leo tumesoma hitima ya mama. Mmemzika wapi, mdogo wangu?"

Nilimpigia hapo hapo.

"Yaya, mama iko muzima! Iko hapa mbele yangu, anapumua."

"Usinifanyie hivyo."

"Nani alikuambia amekufa?"

"Wewe. Uliniandikia yuko kaburini."

Kambini alikuwa amesoma Kiingereza, na kwa Kiingereza neno lile lile, herufi kwa herufi, ni kaburi. Alijua sisi Waislamu hatukawizi maiti. Akaona hata akikimbia hatawahi maziko, basi akakaa kwake akalia.

Niliweka simu kwenye sikio la mama. Sikusikia yaya alisema nini. Niliona tu midomo ya mama ikisogea bila sauti.

Kesho yake yaya alipanda meli kuvuka ziwa. Alikuwa Kalemie, anangoja treni, mama alipokata roho. Safari hii sikuandika. Nilimpigia nikasema, "Mama amekufa," kisha nikarudia.

Alifika siku kumi na moja baada ya maziko. Baada ya miaka yote ile, tulikumbatiana. Jioni aliniuliza, bila ukali, "Kwa nini hukuandika tu kwamba yuko mahututi?"

"Hilo neno sikulijua, yaya."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akauliza, "Siku zile sita, mama alikuwa bado anasema?"

"Alikuwa anasema."

"Alisema nini?"

Nilimwambia kwamba mama aliomba uji, kwamba aliuliza kama mvua imeharibu mihogo. Sikumwambia kwamba kila asubuhi aliuliza binti yake amefika wapi, na kwamba mimi, kwa hasira zangu, nilimjibu kuwa binti yake ana shughuli nyingi.