Mlango Uliomfungia Mama Mkwe

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni, mpaka mzee wangu aulize kutoka sebuleni kuna nini. Humwambia hakuna kitu. Akijua ninachocheka hataongea nami mpaka kesho. Sasa hivi yuko nyuma ya nyumba anapiga randa na hasikii vizuri, basi sogea karibu, mwanangu, nikusimulie kabla hajamaliza.

Nakusimulia wewe hasa, unayetoka kazini Jumamosi na kushika msumeno kabla ya kunywa chai. Nimeliona banda la kuku ulilotengeneza kwa kufuata video kwenye simu. Ni zuri. Kuku wenyewe wamekataa kuingia, lakini ni zuri. Usinune. Nimeishi na mtu wa aina yako tangu ujana wangu, na ninajua ugonjwa huo hauna dawa.

Mzee wangu alikuwa kijana anaitwa Kariuki, karani katika kiwanda kimoja cha Thika. Kazi yake ilikuwa kalamu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mbao. Kreti zilizovunjika kiwandani aliomba ruhusa akazibeba mpaka kwake Kimbo, akang'oa misumari, akainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, akatengeneza meza, kabati, vigoda, hata kitanda ambacho mpaka leo tunakilalia na bado kinalia. Alikuwa na marafiki wawili wenye maradhi kama yake. Mmoja ni Mwangi, ambaye aliunda redio ndani ya chochote chenye nafasi, sufuria ikiwemo. Mwingine ni Musa wa Mwiki, muuza vitambaa, aliyeangua vifaranga kwa balbu ndani ya katoni na kuwapa kila mmoja jina. Jumapili mchana walikutana kwenye uwanja wa Kariuki. Kila mtu alileta alichotengeneza, wenzake wakakigeuzageuza wakitafuta kasoro. Kusifiana hakukuwepo. Ukisikia mmoja amesema "si mbaya", ujue kazi ni nzuri ajabu.

Mimi nilikuwa msichana wa upande wa Thika, karibu na maporomoko ya Chania. Nilimpenda Kariuki, sitakudanganya. Nilipenda hata vumbi la mbao kwenye nywele zake. Baba yangu hakuwa na neno. Shida ilikuwa mama. Mama alisema mwanamume anayecheza na kreti za watu hawezi kulea nyumba, na kama kuna mwingine ambaye hachezi, angependa kumwona. Mwishowe akakubali jambo moja: atakwenda Kimbo kuona itara. Unajua mila hiyo, watu wa msichana kwenda kuona nyumba na jiko ambapo binti yao atapika. Mjomba Gitau, ndugu yake, ndiye angekuwa msemaji. Lakini wote tulijua mjomba angesema kile mama amemwambia aseme. Mama akikataa, mambo yangu na Kariuki yamekwisha.

Kariuki alipopata habari hiyo hakulala vizuri tena. Alipaka rangi nyumba, akatengeneza rafu za vyombo, akazungushia uwanja ua. Halafu akaamua kwamba mlango wa choo unamwaibisha. Choo chenyewe kilikuwa cha shimo, pembeni ya uwanja, kuta za mbao na paa la mabati, na mlango wake wa zamani ulikuwa gunia. Akajenga mlango mpya. Mwanangu, ulikuwa mlango wa kuolewa nao. Mbao zilishikana kwa ulimi na mfereji, ukingo wa moja ukiingia ndani ya mwenzake, misumari na bawaba zote zilifichwa chini ya utepe wa mbao, na mpini aliuchonga kama kichwa cha bata. Ilikuwa Februari, jua linachoma, na aliupiga randa mlango ule mpaka ukaingia kwenye fremu yake bila mwanya. Mwangi alijaribu kupitisha karatasi, haikupita. Musa akauzunguka, akasema, "Si mbaya." Kariuki alinisimulia maneno hayo zaidi ya mara moja.

Sasa, wewe ni fundi, unaujua udongo wa huku kwetu. Ule mweusi. Wakati wa jua unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia. Wakati wa mvua unavimba na kusukuma chochote kilichosimama juu yake. Mzee wangu atakuambia kosa lilikuwa la udongo. Mimi nakuambia kosa lilikuwa kumwonyesha kila mtu kwamba karatasi haipiti.

Watu wetu walifika Aprili, na mvua ilifika pamoja nao. Ilinyesha wakati wa salamu, ikanyesha wakati wa maombi, ikanyesha wakati wa kula. Mama aliangalia rafu, akazipitishia kidole. Akaangalia jiko, akapita. Alikula kidogo, na kwa mama yangu kula kidogo ni hotuba. Kariuki alikaa mbali, upande wa wanaume, kama adabu inavyotaka, kwa sababu kwetu kijana hamkaribii mama mkwe wake ovyo, wala hamtazamitazami, wala hazungumzi naye uso kwa uso kama rika lake. Alikuwa anamtazama mjomba, mjomba anamtazama mama, na mimi nilikuwa nawatazama wote.

Mvua ilipopungua mama akaniomba mwavuli akaenda chooni. Kufunga alifunga, maana tulisikia mlango ukiingia kwa kishindo. Kufungua ndiko kulishindikana.

Tulianza kusikia kugonga. Kugonga kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi. Nikakimbia. "Maitu, mama yangu, kuna nini?"

"Hii mlango yenu imekataa," mama akasema kutoka ndani, bila haraka. "Vuta wewe."

Nikavuta. Mjomba Gitau akaja, akanisogeza, akashika kile kichwa cha bata na kuvuta kwa nguvu zake zote. Bata alibaki mkononi mwake. Mjomba akamtazama bata, akamtia kwenye mfuko wa koti, sijui kwa nini, na akasema hapa ni kupiga teke. Akapiga. Fremu nzima ikatikisika, ardhi ilikuwa uji, na mama akasema kutoka ndani, sasa kwa sauti nyingine kabisa, "Gitau, ukipiga tena mimi naingia chini. Nimesikia mbao ya hapa imelia."

Hapo kila mtu akaogopa. Hakuna aliyethubutu kuugusa mlango tena. Mama yangu hakuwa mtu mwepesi, chini yake palikuwa na shimo, na mvua ilikuwa inaanza upya.

Mwangi na Musa walikuwepo kusaidia kuchoma nyama. Wakaja na ushauri. Mwangi alitaka tupitishe jeki ya gari chini ya mlango. Musa alisema tuupashe moto kwa makaa ili mbao inywee. Mama akauliza kutoka ndani kama ni yeye anayepashwa moto au ni mlango. Mjomba alitaka kukata ukuta wa nyuma. Wakaanza kubishana pale kwenye matope kama wako kwenye mkutano wao wa Jumapili, kila mmoja anatoa kasoro za mpango wa mwenzake.

Na Kariuki? Kariuki, mwenye mlango, alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa jikoni akiwa ametupa mgongo. Hangeweza kusogea. Mama mkwe wake yuko chooni. Hata ukimwamsha babu yake kutoka kaburini akuambie, hakuna aibu kubwa kama hiyo. Kwa hiyo alikuwa anaongea na ukuta, na mimi napeleka maneno, ingawa yeye na mama walikuwa wanasikiana vizuri sana.

"Njeri," akasema, "mwambie mama mlango hauna makosa. Nilipima sawasawa. Ni huu udongo umesukuma fremu, na mbao imekunywa maji upande wa chini, kwa sababu pale chini sikumaliza rangi, na rangi yenyewe..."

"Maitu, anasema mlango hauna makosa."

"Nimesikia," mama akasema. "Mwambie mimi sijauliza makosa ni ya nani. Mimi niko ndani. Anitoe, atanieleza baadaye."

Nilirudi kumwambia, ingawa alikuwa amekwisha kusikia. Mwanangu, nilimwona mtu akibadilika uso. Alikuwa amefungua mdomo kuendelea na habari ya rangi. Akaufunga. Nilifikiri atakimbia, na nakiri nilisema moyoni, akikimbia leo, basi mama alikuwa na haki tangu mwanzo.

Akaingia stoo. Akatoka na nyundo, patasi, na gunia tupu la mahindi. Akalivaa lile gunia kichwani mpaka mabegani, asije akamwona mama mkwe wake chooni, mbele ya wajomba zangu, mbele ya majirani waliopanda kwenye ua kutazama, na akaninyooshea mkono. "Nishike," akasema. "Nipeleke mpaka kwa mlango."

Nikamwongoza. Alikanyaga matope, akamkanyaga na Musa. Wanawake wa kwetu walishika leso zao kama pazia, wakizuia kicheko hadi mabega yanaruka. Kariuki alipofika akaupapasa ule mlango wote, juu mpaka chini, taratibu, akatafuta utepe aliouficha mwenyewe. Hakuna mtu mwingine ambaye angejua unapoanzia. Akaingiza patasi, akaung'oa. Nilisikia mbao ikipasuka na niliona mikono yake ikisita kidogo, maana kazi ile aliipenda kuliko mshahara. Kisha hakusita tena. Alizichomoa mbao zile moja baada ya nyingine na kuzitupa nyuma bila kujua zinaangukia wapi. Moja ilimpata Mwangi gotini.

Mama alianza kuonekana kidogo kidogo, kitambaa cha kichwa kwanza, halafu uso, halafu mwavuli wangu ambao alikuwa ameufungua mle ndani. "Choo ni safi," alisema, kwa kila aliyekuwepo. "Hilo nitalisema. Lakini mabati inavuja hapa juu."

Akatoka. Kariuki alisikia miguu yake, akageuka haraka kuupa mgongo mlango, kumbe mama alikuwa amekwisha kuzunguka upande ule, kwa hiyo wakawa wametazamana, yeye akiwa ndani ya gunia. Akainama. Mama akaliangalia lile gunia. Maji yalikuwa yanamtiririka Kariuki, na vidole vyake vilikuwa vinatoka damu.

Mama alinipa mwavuli, akaenda sebuleni, akaketi, na akaomba sahani nyingine ya chakula. Alikula yote. Mjomba Gitau, kama msemaji, akasogea na kumuuliza kwa sauti ya chini waseme nini, na mama akamjibu kwa sauti ambayo hata majirani kwenye ua waliisikia.

"Sema huyu kijana atakosea. Atakosea mara nyingi, nimeshaona. Lakini hatamwacha mtoto wangu ndani."

Mimi nililia, mwanangu. Nililia huku nashika sahani, na Kariuki alikuwa bado nje, bado amevaa gunia, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia avue.

Basi huo ndio ushauri wangu kwako na msumeno wako, na kwa msichana yule ninayesikia unampeleka kutembea Thika. Tengeneza vitu. Vitaharibika, maana mikono ni ya binadamu na udongo huu unaujua mwenyewe. Kuharibika si neno. Lakini siku kitu ulichokijenga kikimfungia mtu, kiwe ni mlango, kiwe ni neno ulilosema ukiwa na hasira, kiwe ni mpango wa nyumba uliouona mzuri kichwani mwako, usisimame nyuma ya ukuta ukieleza ulivyopima. Unaweza kuwa na haki na mtu bado yuko ndani. Mtoe kwanza. Vunja unachokipenda ikibidi, vaa gunia watu wacheke, umtoe. Ya udongo mtazungumza baadaye, mkiwa mmekaa, na mara nyingi utakuta hakuna tena mwenye haja ya kuyasikia. Nimeolewa na mtu mkaidi kama punda, na tumegombana kwa kila kitu, kuanzia chumvi mpaka siasa. Ila sijawahi kugonga kutoka ndani nikakosa kusikia miguu yake ikija.

Nenda sasa, randa imenyamaza, atakuja kuuliza tulikuwa tunaongea nini. Mungu akubarikie mikono hiyo na vidole vyake vyote. Akupe mbao kavu, mke mwenye kicheko na mama mkwe mwenye subira. Ukizeeka, ukute nyumbani kwako mtu anayesimulia habari zako nyuma ya mgongo wako kwa mapenzi kama haya.