Pua Tano za Liberator

Kazi yangu ni kucha. Nina kiti katika saluni moja karibu na Albert Park, na kiti kinachofuata ni cha dada mmoja wa Lubumbashi anayesuka nywele. Kabla ya kuja Durban, nikiwa kwetu Mwanza, nilifanya kazi uwanja wa ndege kwa miezi mitatu. Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya vitoroli vya mizigo ambavyo abiria walivitelekeza kwenye maegesho na kuvirudisha mlangoni. Sasa, kazi ya namna hiyo ukiisimulia ugenini hukua yenyewe. Mwaka wa kwanza nilisema nilikuwa uwanja wa ndege. Mwaka wa pili nikawa upande wa ufundi. Mwaka wa tatu yule dada akaanza kuniita enjenieri mbele ya wateja, nami nikawa naitika.

Miongoni mwa wateja wangu kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu anayekaribia miaka themanini, anayeishi peke yake katika ghorofa ya kumi na moja huko South Beach. Alikuja kila baada ya wiki mbili, Ijumaa asubuhi, akapakwa rangi ileile ya waridi hafifu, akaenda zake. Ijumaa moja alikuja vidole vimegandishwa na gundi kavu, vitatu vya mkono wa kulia vimeshikana.

"Mama, umefanya nini?" nikamuuliza, naye akasema alikuwa anatengeneza ndege.

Nilipokuwa namtoa ile gundi, akanieleza. Baba yake alikuwa fundi wa ndege wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa vita kuu ya pili, kusini mwa Italia, kwenye kiwanja cha matope. Jirani yao kulikuwa na kikosi cha Wamarekani cha ndege za mabomu, na mafundi wa pande mbili waliazimana spana na vipuri mpaka wakawa kama kitu kimoja. Kikosi kile kilirusha ndege aina moja tu, Liberator, yenye injini nne na mikia miwili iliyosimama kama masikio. Lakini viwanda vilikuwa vinaibadili kila mara, na kila toleo lilipewa herufi yake. Uzeeni baba yake alichonga matoleo matano ya mbao, D, G, H, J na L, kila moja urefu wa mkono kutoka kiganja mpaka kiwiko. Mama alipohamia ghorofani, wabebaji waliangusha sanduku. Ndege zote tano zilivunjika pua. Na baada ya wiki mbili kulikuwa na maonyesho ya vitu vya zamani katika ukumbi wa kanisa lake, naye alikuwa ameshaahidi kuzipeleka.

Dada wa Lubumbashi alikuwa anasikiliza. Akamwambia mama kwa Kiingereza kwamba Mungu amemleta mahali penyewe, kwa sababu huyu bwana wa kucha ni injinia wa ndege. Kisha akanigeukia: "Ambia ye asiogope. Iko njo kazi yako ile!"

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli. Ungechukua sekunde tano. Badala yake nikaushika mkono wa yule mama, nikautazama kama daktari, nikasema, "Liberator? Mama, hizo nazijua sana."

Nilikuwa silijui hilo neno hata maana yake.

Akaniletea sanduku siku iliyofuata. Ndani kulikuwa na miili mitano, pua tano, na daftari la baba yake lenye jalada la kitambaa. Nilizipanga mezani kwangu. Ndege moja ilikuwa rangi ya mchanga, mbili za kijani kibichi kilichopauka, mbili za fedha. Pua moja ilikuwa ya vioo vitupu, iliyotengenezwa kwa plastiki angavu. Nyingine nne zilikuwa na kibanda kidogo cha kuzunguka chenye bunduki mbili. Mtu mwenye akili angefungua daftari. Mimi nililiweka juu ya kabati, kwa sababu injinia hasomi maelekezo.

Nikatumia mantiki. Nilijiambia kwamba kitu kipya daima huwa na vioo vingi zaidi; tazama mabasi, tazama majengo ya benki. Kwa hiyo pua ya vioo lazima iwe ya ndege mpya kabisa, na ndege mpya kabisa ni ya fedha, maana inang'aa. Nikaibandika pua ya vioo kwenye ndege ya fedha yenye herufi L. Ile ya rangi ya mchanga, iliyoonekana kuukuu, nikaipa kibanda cha bunduki. Zilizobaki niligawa kwa kuangalia ipi inakaa vizuri, na isipokaa nikaisugua kwa tupa ya kucha mpaka ikakubali. Mwisho nikazipaka zote mng'aro ule ninaowapaka maharusi, nikazikausha moja moja chini ya taa ya kukaushia rangi ya jeli. Ziling'aa kama zinakwenda kwenye sherehe. Nilipiga picha kumi na mbili.

Mama alipoziona aliigusa moja kwa ncha ya kidole, akasema, "Zinang'aa sana."

Nami nikalichukua hilo kama sifa.

Siku ya maonyesho nilivaa suti. Nilienda kwa sababu mama aliniomba nisimame naye, na kwa sababu nilitaka kupongezwa. Ukumbini kulikuwa na meza za vyombo vya kaure, mashine za kushonea, kofia za jeshi. Ndege zetu zilikuwa karibu na mlango, na watu walisimama. Mama alinitambulisha kwa kila mtu: "Huyu ndiye injinia wangu."

Bibi mmoja akauliza herufi zina maana gani. Mama akanitazama, akiwa na imani yote duniani. Nikakohoa. Nikasema H ni ya *heavy*, yaani ndege nzito, na J ni ya jeti.

"Jeti?" ilisema sauti nyuma yangu.

Alikuwa mzee mmoja mstaafu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mkono mmoja ameshika chai. Alisogea mbele, akavaa miwani, akainama mpaka pua yake mwenyewe ikakaribia kugusa mbao.

"Hii jeti," akasema, "ina mapangaboi manne mbele."

"Ndiyo," nikasema. "Ni jeti za mwanzo."

Sijui hilo lilitoka wapi. Watu wawili walicheka, na mimi nikacheka nao, nikidhani tunamcheka yeye. Mzee hakucheka. Akaionyesha ile ya rangi ya mchanga, akasema kwa upole kwamba hiyo ni D, ya kwanza kufika, na D zilikuwa na pua ya vioo. Marubani wa adui waligundua kwamba mbele hakuna ulinzi wa kutosha, wakawa wanazishambulia uso kwa uso. Ndiyo maana matoleo yaliyofuata yaliwekewa kibanda cha bunduki puani. Akaionyesha L. "Na hii, bwana, uliyoipa vioo, ni ya mwisho kabisa. Ndege hii haijawahi kuwepo duniani."

Mama aliniuliza mbele yao wote, bila kupandisha sauti, "Ulisoma daftari la baba?"

"Hapana, Mama."

"Wewe ni injinia?"

Mlango ulikuwa karibu, na nakiri niliutazama. Kisha nikasema, "Hapana, Mama. Nilikuwa nakusanya vitoroli vya mizigo."

Alichukua kitambaa cha meza akaifunika ile L ya fedha. Nilifikiri ananitia aibu, na nilistahili. Baadaye, tulipokuwa tunarudisha ndege sandukuni, ndipo aliponieleza. L ndiyo baba yake aliyoichonga mwisho, kwa miezi saba, macho yake yakiwa yameanza kufa. Ilikuwa mfano wa ndege moja ambayo yeye na mafundi wa Kimarekani waliiandaa asubuhi, wakaiaga, na haikurudi. Alikuwa akiwajua watu wote kumi waliokuwamo. "Aliogopa asije akaikosea," mama alisema. Hapo suti yangu ilinibana kila mahali.

Nikamwomba anipe sanduku tena. Alikataa. Nikamwomba basi anipe nafasi ya kuja kwake, nifanyie kazi mezani kwake, yeye akisoma daftari na mimi nikisikiliza. Nikiwa namsindikiza nyumbani, alifikiri mpaka tukafika kwenye robot ya pili, kama wanavyoita huku taa za barabarani, ndipo akasema nije Jumapili baada ya ibada.

Jumapili tatu nilipanda na mkoba wangu wa kucha mpaka ghorofa ya kumi na moja. Mama alisoma kwa sauti, akitumia kioo cha kukuzia. Baba yake aliandika kama fundi: J kibanda chake kimeundwa tofauti na cha H, na mafundi walilalamika vipuri haviingiliani, L imepunguzwa uzito mkiani, D ikivuja mafuta ndiyo nzima, isipovuja ujue yamekwisha. Tulicheka hapo, ikawa mara ya kwanza tangu ukumbini. Kuhusu G na H, daftari lilieleza kwa kurasa mbili, mama akazisoma mara tatu, na hadi leo mimi siwezi kuzitofautisha. Mama pia hawezi. Tuliweka pua moja hapa na nyingine pale, tukaafikiana kutomwita yule mzee.

Kuzing'oa pua nilizobandika ndiko kulikonitoa jasho. Nilitumia njia ninayoijua, ile ya kutolea kucha za bandia: pamba iliyolowekwa asetoni. Kwenye mbao ilifanya kazi vizuri. Kwenye pua ya vioo, nilipofunua pamba, plastiki ilikuwa imelainika na kugeuka ukungu, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nilikaa nayo mkononi. Mama alikuwa jikoni. Nilijua duka moja ambalo ningeweza kulisingizia kwamba asetoni yake ilikuwa mbovu. Nilijua hata maneno ya kutumia.

"Mama," nikaita. "Nimeiharibu pua ya D. Ni mimi."

Alikuja, akaitazama, akakaa. "Eish," alisema, neno la mshangao la mitaani ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia. Kisha akaniuliza kama inaweza kutengenezwa nyingine. Nikafungua mkoba wangu. Ndani nilikuwa na boksi la kucha za bandia zisizo na rangi, angavu kabisa, za wale wanaopenda ncha ndefu. Nilichagua kumi na moja. Nilizikata, nikazisugua, nikaziunganisha kipande kwa kipande kwa kufuata mchoro wa baba yake daftarini, na fremu za madirisha nikazichora kwa brashi ninayochorea maua. Ilinichukua mchana mzima. Hiyo ndiyo kazi pekee katika mkasa wote niliyoifanya nikiwa naijua.

L nayo tuliirudishia kibanda chake cha bunduki, na mng'aro wa maharusi nikautoa taratibu, bawa kwa bawa, kwa sababu mama alisema ndege ile haikuwa ikienda harusini. Alipoipokea aliishika kwa mikono miwili kwa muda, kisha akaiweka rafuni mwenyewe. Sikumsaidia.

Jumapili ile ya mwisho tulikunywa chai ya rooibos, dirisha wazi. Akaniambia kwamba baba yake, baada ya kurudi kutoka Italia, hakupanda ndege tena maisha yake yote. Kila safari alikwenda kwa treni. Mama naye, kwa kulelewa hivyo, alifika uzee bila kupanda hata mara moja, na watu humshangaa.

"Niambie wewe," akasema. "Huko juu kukoje?"

Nilizungusha kikombe.

"Mama, mimi nilikuja Durban kwa basi. Nilibadilisha mara nne."

Alinitazama, kisha akazitazama zile ndege tano, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nilimngoja amalize, halafu nikamwambia yote: jinsi miguu ilivyovimba, jinsi nilivyoshuka mpakani kununua maji, basi likaniacha.