Kupe Mwenye Maua Mgongoni

Kwa umri huu nimeona mengi, ila sikuwahi kuona kupe akimliza bwana mifugo. Tena bila kumng'ata.

Mimi siku hiyo sikuwa na nguvu hata ya kutabasamu.

Ng'ombe wangu, Bi Mkubwa, alikuwa na homa siku ya tatu. Hali, hacheui, anapumua kama anapuliza moto. Nilishambebea maji mpaka kiuno kikaanza kudai talaka.

Ndiye ng'ombe pekee tuliye naye. Akifa, wajukuu wangu watakunywa chai ya rangi mpaka waoe.

Nikampigia simu bwana mifugo.

"Bibi, kuna ndigana kali na kuna maji moyo. Kila ugonjwa una dawa yake, na una kupe wake. Tafuta kupe mmoja, uniambie yukoje, nijue nibebe dawa gani."

Nikamtuma mkwe wangu, mke wa mwanangu, akamtoe mmoja sikioni. Mtoto wa watu huyu anamwogopa kupe kuliko anavyoniogopa mimi.

"Mama, mimi na kupe hatujazoeana."

"Nenda mkazoeane."

Akarudi mbio, kichupa mkononi, uso kaugeuzia ukutani.

Nikakisogeza dirishani. Sasa macho yangu haya, juzi tu niliisalimia nguzo, nikakasirika haikuitikia. Niliona kitu kinene, kinang'aa, kina madoa.

"Kashiba huyu," nikasema kwenye simu. "Ana maua mgongoni kama kitenge."

"Madoa? Hebu tazama miguu. Ina pete nyeupe?"

Miguu yenyewe sikuiona. Lakini niseme sioni, mbele ya mkwe? Nijizeeshe kwa mdomo wangu?

"Inazo."

"Mdomo mrefu?"

"Mrefu."

"Au mfupi?"

"Mfupi kiasi."

"Miguu mingapi?"

"Minane!" Hilo nililikumbuka tangu darasa la nne.

"Basi huyo ni kupe wa maji moyo. Kama ndivyo ulivyomwona."

Ile "kama" niliisikia. Nikakata simu.

Akafika jua likiwa utosini, vumbi mpaka kwenye kope. Akamwaga kichupa kiganjani. Akageuza. Akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Bibi! Hii ni mbegu ya mbarika!"

Nikamgeukia mkwe.

"Niliokota chini, Mama, pembeni ya hori. Nikajua kashiba, kaanguka mwenyewe. Sikumtazama, nilifumba macho."

Haya. Mmoja kafumba macho, mwingine hana macho, na Bi Mkubwa anakufa katikati yetu. Dawa imeletwa kwa maelezo ya mbegu!

Bwana mifugo akajifuta uso, akalifunua sikio la ng'ombe, akanipa kioo chake cha kukuzia. "Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Wamejaa humo kama wako kwenye kikao. Kahawia watupu, miguu kahawia, hakuna pete, hakuna ua, mdomo mfupi.

"Kupe wa masikio," akasema. Akapapasa chini ya sikio. Tezi imevimba kama yai. "Ndigana kali hii."

"Na dawa yake umeiacha," nikasema.

Akafungua mkoba. Chupa mbili.

"Mtu akiniambia mdomo mrefu, halafu mfupi, najua haoni kitu. Nikabeba zote."

Bi Mkubwa akachomwa sindano. Siku ya nne akacheua. Mimi nikalala mchana kutwa, na hakuna aliyethubutu kuniamsha.

Wanangu, ukiulizwa usichokiona, sema sioni. Mimi nusura nimzike ng'ombe nikilinda heshima mbele ya mkwe, kumbe mkwe mwenyewe hakutaka hata kutazama upande wangu.

Ile mbegu niliipanda nyuma ya zizi. Bwana mifugo akipita lazima aulize:

"Bibi, kupe wako hajambo?"

"Hajambo, mwanangu. Ametoa majani."