Fundi vioo aliyewasomea wajukuu vibao asivyoweza kuvisoma

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumamosi, na fundi vioo ameshakata vipande sita. Anapitisha kikatio mara moja tu, kisha anakishika kipande kwa vidole na kukivunja kwenye mstari. Kinalia kama kijiti kikavu.

"Ukirudia mstari umekiharibu," anasema bila kuinua kichwa. "Kioo hakitaki mtu wa kusitasita."

Ana haraka. Ikifika saa tatu anatakiwa awe amefunga karakana, ameoga na kuwapitia wajukuu wake wawili. Mama yao, binti yake wa pekee, ni muuguzi na Jumamosi huwa zamu. Tangu mwaka juzi, siku hiyo ni ya babu.

Wameshatembea pengi: bustani ya wanyama, kiwanda cha zamani cha matofali, mnara wa saa wenye ngazi 112 ambako babu alipumzika mara nne. Lakini zaidi ya yote ni jumba la makumbusho, maana watoto hawalipi kiingilio wakiwa na mtu mzima. Huko wamekwenda mara kumi na moja.

"Babu anapapenda kwa sababu vioo ni vyake," anaeleza mjukuu mkubwa, msichana wa miaka tisa. Nyumbani wanamwita Karani, kwa kuwa hakuna lisemwalo asilolikumbuka.

Ni kweli. Makabati mengi ya jumba hilo yaliwekwa vioo na babu yake miaka kumi na mitatu iliyopita. Kiganja chake cha kushoto bado kina alama ya nyuzi kumi na nne alizoshonwa kwenye kazi hiyo.

Kilichomsumbua ni kile kilichokuwa nyuma ya vioo. Kila kitu kina kibao cha maelezo, na fundi huyu wa miaka sitini na minne hakujua kusoma.

"Namba nazijua. Nipe vipimo, milimita nne, milimita sita, sikosei," anasema. "Herufi ndizo zilizonipiga chenga."

Alisoma muhula mmoja tu. Baba yake alipovunjika mguu, yeye akatolewa shule kwenda kubeba mchanga na mama yake. Siri hiyo aliijua mkewe peke yake, na ndiye aliyekuwa akiandika majina ya wateja. Alipofariki miaka minne iliyopita, fundi akaanza kuchora. Kwenye daftari lake la oda mteja mmoja alikuwa paka, mwingine kufuli, mwingine ndevu.

"Yule wa ndevu akanyoa," anasema. "Dirisha lake nikampelekea mtu mwingine."

Binti yake hakujua lolote. "Miaka yote baba ananiambia miwani imepotea," anasema muuguzi huyo. "Nimemnunulia mara tatu."

Kwa wajukuu hakutumia kisingizio cha miwani. Alitunga. Walipouliza kibao kinasema nini, alikohoa, akakisogelea na kuanza. Chungu kikubwa cha ukumbi wa pili kikawa bafu la malkia aliyeogopa mvua. Jembe la mbao likawa kasia la jitu. Watoto walisikiliza midomo wazi.

Kisha Karani akaingia darasa la tatu.

"Babu, hapa wameandika chungu cha kuhifadhia mbegu."

"Wameandika watu wasiomjua malkia," alimjibu, akawavuta kwenye kabati linalofuata.

Mambo yaliharibika Jumamosi moja ya mwezi wa tano. Mjukuu mdogo ni mvulana wa miaka mitano, naye wanamwita Kishada, kwa sababu ukimwachia tu anaruka kama tiara. Siku hiyo babu aligeuka kukagua ufa kwenye kona ya kabati. Alipogeuka tena, mtoto hayupo.

Mlinzi wa mlangoni alimtuliza. Mtoto anayepotea, alisema, hupelekwa mapokezi ya jengo la pili. "Fuata vibao tu, mzee, hutapotea."

Fundi akamshika Karani mkono, wakaondoka mbio. Alitegemea kumbukumbu ya siku alipokuwa akifanya kazi pale, lakini tangu wakati huo kuta zilikuwa zimehamishwa.

"Babu, kibao kinasema kushoto. Mbona tunaenda kulia?"

"Naijua njia."

Kulia kukawapeleka kwenye stoo iliyofungwa. Wakarudi. Mara ya pili wakatokea nje kabisa, kwenye ngazi zinazoshuka barabarani, magari yakipita kwa kasi.

"Nilimwona Kishada chini ya kila tairi," anasema fundi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaweka kikatio chini. "Nilijua nikiendelea kuona haya nitampoteza mtoto wa watu. Nikamwambia Karani, 'Mjukuu wangu, babu yako hajui kusoma. Tangulia wewe.'"

Karani anakumbuka vizuri. "Sikucheka. Nilimshika mkono kwa nguvu, kwa sababu ulikuwa umelowa."

Akaanza kusoma kwa sauti, kibao baada ya kibao. Ofisi. Choo. Hakuna Njia. Mapokezi.

Dakika kumi na nane baada ya kutoweka, Kishada alikutwa ameketi kwenye kiti cha mhudumu wa mapokezi, kavua viatu, anamweleza habari za malkia na bafu lake.

"Nina miaka saba hapa na sikuwahi kuzisikia," anasema mhudumu huyo. "Walipoingia kumchukua, nilikuwa bado nataka kujua malkia aliishia wapi."

Fundi alikaa chini, palepale sakafuni. "Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Nilikuwa nimetua mizigo miwili kwa mpigo."

Njiani kurudi nyumbani, Karani aliuliza:

"Kwa hiyo malkia hakuwepo?"

"Nilimtunga."

"Basi ulimtunga vizuri."

Jioni ile alimngoja binti yake atoke zamu, akamwambia ana neno la kumweleza. Muuguzi anakiri kwamba aliogopa. "Nilidhani ni ugonjwa. Alivyokuwa amekaa, nilijua ni kitu kibaya. Aliposema hajui kusoma, nilishusha pumzi mpaka akashangaa. Kisha nikakumbuka ile miwani, nikakasirika kidogo."

Sasa kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, fundi hufunga karakana na kwenda darasa la watu wazima kwenye shule ya msingi ya jirani. Wako tisa. Madawati ni ya watoto, na magoti yake hayaingii chini ya meza, kwa hiyo hukaa upande upande.

"Anachanganya b na d, lakini kipindi hakosi," anasema mwalimu wake.

Mwenyewe haoni haya tena kulizungumza. Wateja anawaomba waandike majina yao wenyewe daftarini, na taratibu, ili aone mkono unavyokwenda. "Mficha uchi hazai," anasema huku akipanga vipande vyake na kuweka magazeti katikati. "Miaka hamsini na kitu nilikuwa nauficha, nikazaa nini? Hofu tu."

Anatazama saa. Leo wanarudi makumbusho, lakini mpango mkubwa ni wa mwezi wa kumi na mbili, kabla Kishada hajaanza darasa la kwanza: bustani ya nyoka na wanyama watambaao, ambako hawajawahi kufika.

"Nimeshauliza. Vibao vya kule ni vifupi. Chatu. Kobe. Mamba," anasema. "Yuko na nyoka kifutu, jina la huyo nitahitaji muda. Karani ameahidi kunyamaza hata nikikosea, na kwake hiyo ni kazi kubwa kuliko kusoma kwangu."

Anafunga mlango wa karakana na kuujaribu kwa bega.

"Nataka yule mdogo aniulize, 'Babu, hapa wameandika nini?' Nami nimjibu kilekile kilichoandikwa."