Kampuni ya Nairobi ilivyomwandika Bibi yangu marehemu, na yeye yupo hapa anachambua mchicha

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, wenzangu mambo vipi.

Huu ndio uzi wangu wa kwanza. Mimi ni mtu wa kusoma za wengine na kupita kimya kimya. Mambo yangu huwa naandika kwenye daftari, si mbele za watu. Lakini hili limenizidi. Sijaongeza chumvi hata punje, maana Bibi kasema nikimaliza nimsomee lote.

Nipo kidato cha tatu, naishi na Bibi hapa Mwembesongo, Moro mjini. Yeye ni Mluguru wa milimani kabisa, alishuka mjini alipoolewa. Mama yupo Turiani kwenye mashamba ya miwa, na simu yake ni kitochi. Kumbukeni hicho kitochi, kina kazi mbele.

Napenda kuchora. Mwaka huu niliona tangazo la kampuni moja ya Nairobi inayofundisha vijana kuchora katuni za kompyuta, bure, kwa mtandao. Nikatuma michoro yangu bila kumwambia mtu. Nikachaguliwa!

Nililia chooni, wakuu. Chooni ndiko ninakoliliaga.

Sharti likawa moja: mlezi wangu athibitishwe utambulisho kabla ya Ijumaa. Asipothibitishwa, nafasi anapewa mwingine.

Nikajua ni kazi ndogo. Si hata kijana wa laini za simu hapa mtaani, unaweka kidole kwenye kamashine kake, jina lako linakuja? Bibi ana kitambulisho cha Taifa, namba anayo, kidole anacho.

Kumbe hapana. Wakaniandikia kwamba Mkenya akijaza namba yake, mfumo wa kwao unawajibu palepale. Ya Mtanzania hawana pa kuiuliza, kampuni binafsi ya nje haijafunguliwa huo mlango. Kwa hiyo watapiga simu ya video, wamwone Bibi na kadi yake kwa macho.

Mama ndiyo hivyo, kitochi hakina video. Akabaki Bibi.

Jumatatu wakapiga. Tumekaa barazani, Bibi kavaa kitenge cha harusini, simu nimeiegemeza kwenye sufuria. Akatokea dada mmoja mpole, anaitwa Wanjiru.

"Habari yenu. Naomba mama ashike ID karibu na camera. Sasa mama, ulizaliwa mwaka gani?"

Bibi akashusha sauti. Umri wake ni siri ya serikali. Na alikuwa na sababu, maana jirani yetu Mzee Mihayo alishasogea ukutani anasikiliza.

Mzee Mihayo ni Mnyamwezi, mstaafu wa reli. Kwa asiyejua, Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani. Mtani anaweza kukusema chochote, mpaka kifo chako, na wewe hukasiriki wala hukanushi. Unajibu kwa utani mkubwa zaidi. Ukikanusha umeshindwa.

Mzee akachungulia kwenye kamera.

"Binti, usijisumbue. Huyu tulishamzika Jumamosi. Hapo unaongea na mzimu wake, umerudi kudai ubwabwa."

Na Bibi, badala ya kusema niko hai, akamgeukia: "Ubwabwa wenyewe si uliumaliza wewe! Umekula msibani kwangu mpaka ukafungua mkanda!"

Mnaona? Marehemu kathibitisha msiba wake mwenyewe.

Dada Wanjiru akakodoa macho. "Ati? Kwani mnatumia ID ya mtu amefariki?" Akaniangalia mimi. "Wewe, hii ni ukweli?"

Hapo ndipo nilitakiwa niseme neno moja tu. Wakuu, ulimi uligoma. Nikaangalia vidole vya miguu yangu mpaka simu ikakatika.

Jioni ikaingia email: "Tunakupa pole nyingi kwa kuondokewa na mlezi wako. Nafasi yako imesimamishwa mpaka utakapoleta mlezi mwingine."

Nikamsomea Bibi. Akauliza, "Rambirambi hawajatuma?"

Nikaenda kulia kule kule.

Kesho yake tukaenda kwa mtendaji wa mtaa. Akakuna kichwa. "Bibi, barua za waliofariki nimeandika nyingi. Ya mtu ambaye hajafariki ndiyo naanza leo." Akaandika, akagonga mhuri, nikaipiga picha nikatuma.

Jibu: poleni, mhuri huo tukiwa huku hatuna namna ya kujua kama ni wa kweli. Ila tutapiga mara moja ya mwisho, Ijumaa saa nne asubuhi.

Nikamwomba Bibi amwambie Mzee Mihayo siku hiyo anyamaze. Akakataa katakata. "Nimwombe mtani anyamaze? Miaka yote hii anishinde leo? Nenda wewe."

Mimi! Mzee mwenyewe ananiitaga Bubu.

Nilisimama mlangoni kwake nikashindwa kuongea. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika kila kitu, nikampa nikakimbia.

Ijumaa akaja mapema, kavaa kanzu, kakaa pembeni kama mtoto aliyeadhibiwa. Kajifunga leso mdomoni. Bibi kila akimtazama anaguna.

Dada Wanjiru akapiga. Uso wake safari hii ulikuwa wa kazi. "Yule mzee alisema amemzika mama ni nani?"

Bibi akanifinya paja.

Nikasema. Sauti ilitoka kama ya panya lakini ilitoka. "Ni mtani wetu, dada. Kwetu mtani akikuzika ujue anakupenda. Bibi yangu yupo hai. Asingekuwa hai mimi nisingekuwa na pa kukaa."

Sikuwa nimepanga hiyo ya mwisho. Dada akasema, "Sawa. Lakini ni huyo mzee alisema mama amefariki, kwa hivyo ni yeye aseme ako hai. Bila mchezo."

Wakuu, hapo ndipo pagumu. Mtani kufuta utani wake mbele ya mtani mwenyewe, bila mchezo, ni kama kuvua nguo sokoni.

Mzee Mihayo akafungua leso. Akavua kofia. Akanitazama mimi, halafu Bibi.

"Huyu ni dada yangu. Yupo hai. Mke wangu alipougua, huyu ndiye aliyemwogesha. Mungu amweke."

Bibi akageukia ukutani, akajifanya kurekebisha ushungi.

Mzee akarudisha kofia. "Lakini umri aliokutajia, binti, ni uongo mtupu!"

"Mzee, ndio uko kwa ID," dada akacheka mpaka kamera yake ikatikisika. Akapitisha.

Masomo nimeanza. Kamera yangu bado huwa naizima, ila juzi niliuliza swali kwa sauti.

Nilichojifunza: kitambulisho chetu kina nguvu mpaka mpakani tu, ukivuka unabaki na mdomo wako. Kama una mdomo kama wangu, anza mazoezi mapema.

Nilimuuliza Bibi kama makampuni ya nje yafunguliwe huo mlango. Akasema, "Wakiuliza ni yeye au siye, wajibiwe ndiyo au hapana, basi. Mwaka wa kuzaliwa wanautakia nini?"

Mnaojua haya mambo, Bibi yupo sahihi au anaficha umri tu? Niambieni taratibu, mimi mgeni.

Jambo la mwisho. Kwenye akaunti yangu paliandikwa: "Mlezi: amethibitishwa kuwa hai." Bibi kanituma nikachapishe, kaiwekea fremu, kaitundika barazani. Sasa Mzee Mihayo akipita asubuhi na ile yake ya "Maiti, umeamkaje?", Bibi anainyooshea kidole tu.

"Mimi cheti ninacho. Chako kiko wapi?"

Wiki ya pili hii mzee anatafuta jibu.