Ng'ombe za Bienvenu

Mwanaume akikufukuza, angalau unajua ni nani aliyekufukuza. Hilo Sidonie alikuwa ameshalimeza. Apollinaire, mumewe, mchuuzi wa kule Ntoto, alimwambia mbele ya jamaa zake kwamba amemchoka, akaingiza mwanamke mwingine nyumbani. Sidonie akambeba mtoto wake Kétsia mgongoni, akarudi kwa mama yake kule Kingi, katika milima ya Masisi. Alilia, akachoka kulia, kisha akapanda mlima kumwona yule patron, mwenye shamba la ng'ombe, ambaye zamani, kabla ya kuolewa, alikuwa akimtengenezea fromaji, yaani jibini.

"Na mutoto?" patron akauliza.

"Mama yangu atabaki naye."

Alisema hivyo kifua mbele, maana mama yake, Mama Euphrasie, ndiye aliyemsukuma. "Enda kazi, mwanangu, ukule jasho yako. Mutoto niko naye, mimi koko yake." Wewe ungesikia maneno hayo kwa mama aliyekuzaa, usingeamini?

Kazi ikamrudia mikononi kana kwamba hakuwahi kuiacha. Asubuhi wachungaji wanaleta maziwa, yanapashwa moto kidogo, yanatiwa dawa ya kugandisha. Yakishaganda, hapo sasa hakuna mchezo: unayakata, unayakoroga polepole kwa mkono, hutoki. Ukitoka yameharibika, na patron anatafuta mtu mwingine. Mama Euphrasie alilijua hilo vizuri sana, kwa sababu kila jioni binti yake alimsimulia kazi yake yote.

Siku ile mikono ya Sidonie ilikuwa imezama hadi viwiko ndani ya pipa la maziwa wakati Adelaïde, jirani yao wa Kingi, alipotokea mlangoni akihema.

"Mama Kétsia, dada za Apollinaire wako kwenu na pikipiki. Wanataka mutoto."

Akaangalia pipa, akaangalia mlango. Halafu, masikini, akatulia.

"Mama iko pale," akasema. "Hawezi kumutoa."

Akaendelea kukoroga. Hapo ndipo panaponitia hasira mpaka leo. Hakubaki kwa kuogopa patron. Alibaki kwa sababu alimwamini mama yake.

Aliposhindilia fromaji ya mwisho kwenye kalibu, alishuka mlima mbio. Akamkuta mama uani anamenya mihogo. Kétsia hakuwepo, na kamba ya nguo ilikuwa tupu. Jana yake mama alikuwa amefua nguo zote za mtoto, kila kigauni, hata sweta ambayo haikuwa chafu, na asubuhi Sidonie alimshukuru kwa kumpunguzia kazi. Kwa ukungu wa Masisi nguo haikauki haraka. Anayetaka kumfungia mtu mzigo leo lazima afue jana. Akakaa chini palepale.

"Ulijua," akasema.

Mama hakuinua macho. "Apollinaire alikuwa anadai ngombe zake za mahari. Tungezitoa wapi? Ndugu yako Bienvenu ndio alioa nazo. Tukizirudisha, bibi yake anaenda kwao. Apollinaire akasema, munipe mutoto, mubaki na ngombe. Sasa ningefanya nini?"

"Ungeniuliza, mama."

"Ungekatala."

Bienvenu alikuwa ndani na mke wake, sauti zao zinasikika. Hakutoka hata kumsalimia dada yake.

"Ndio maana ulinituma kazi?" Sidonie akauliza. "Nitoke ku nyumba?"

Mama akachukua muhogo mwingine, akaanza kuumenya. Sidonie alisikia uchungu ambao Apollinaire, pamoja na ubaya wake wote, hakuwahi kumtia. Yule alikuwa mtu wa kuja tu. Huyu alimnyonyesha.

"Wewe ungali kijana," mama akasema kwa upole, na ule upole ndio uliomkata maini. "Utazala wengine."

"Nitazala," Sidonie akajibu. "Lakini hawatakuita koko."

Akaingia ndani, akachukua kikwembe cha kumbebea Kétsia, akatoka. Mama akamuuliza kama hatakula kwanza, mihogo inakaribia kuwekwa motoni. Hakugeuka. Akashika njia ya Ntoto peke yake, mikono bado inanuka maziwa.